Choya ya Mwezi Ule

Nikisikia mtu kwenye redio anausifia unga wa mlonge, kwamba unakinga maini, unakinga figo, unaupoza mwili, huwa naizima redio. Si kwamba anasema uongo. Anasema kweli, na hilo ndilo linaloniudhi, maana nimeishi nyumba moja na kweli hiyo miaka mingi, na najua iliishia wapi.

Niliolewa Mtongwe mwanzo wa miaka ya themanini, nikitokea Kisauni. Dada zangu walinicheka, eti nimevuka daraja na feri kwenda kuolewa na moshi. Mume wangu alikuwa mchoma chokaa, kama babake na ami zake kabla yake. Shamba lao lilikuwa na minazi na mihogo, na nyuma kabisa, penye mawemawe, palikuwa na tanuu. Lilikuwa shimo la duara lililochimbwa mwambani, ubavuni lina mdomo wa kutilia kuni. Ndani hupangwa mawe ya pwani, yale mepesi yenye matundu, moto ukawashwa baada ya sala ya alfajiri na kulishwa kutwa hadi mawe yageuke meupe. Yakishapoa hutolewa, na baadaye kabisa ndipo hutiwa maji, yakachemka yenyewe na kupasuka yakawa unga. Nyumba nyingi za Likoni zilizopakwa chokaa miaka hiyo, chokaa yake ilipitia mikononi mwa mume wangu na binamu zake wawili.

Babake mume wangu sikumkuta. Nilielezwa kwamba alivimba miguu, kisha uso, akaondoka hajatimiza miaka hamsini. Kazi ya Mungu, walisema, na mimi bi harusi mpya nani wa kuuliza.

Mavyaa, yaani mamake mume wangu, ndiye niliyemkuta, na nyumba ilikuwa yake. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, msafi kupita kiasi, asiyepandisha sauti. Mimi nimelelewa kwenye nyumba ya kelele, ambako mtu akikosa anaambiwa hapo hapo na jirani wa tatu anasikia. Kimya cha mavyaa kilinitesa kuliko matusi. Akikuta wali umeungua hasemi. Anakula, anashukuru, halafu kesho yake anaingia jikoni mwenyewe. Kwao mwanamke hamwumbui mwanamke mwenzake kwa kosa la jikoni, na anayesitiriwa kuliko wote ni mke wa mwana, kwa sababu ameacha kwao akaja kukaa kwa watu. Stara hiyo walijivunia. Mimi pia niliiona nzuri, hasa ilipokuwa inanifaa mimi.

Tanuu lilikuwa na sheria zake, na kubwa yao ilikuwa moja: maji hayasongei tanuu. Hatua kama ishirini kutoka mdomoni palipangwa makumbi ya nazi, yakalizunguka tanuu zima, na ndani ya duara hilo haikuingia ndoo wala mtungi wala kikombe. Jiwe lililoiva likipata maji huruka, linaweza kumpofua mtu. Ami yake mume wangu alipoteza jicho la kushoto hivyo hivyo. Kwa hiyo sheria haikuwa ya kijinga. Lakini maana yake ni kwamba anayelisha moto, akitaka maji, auache moto, avuke makumbi, aje mpaka nyumbani. Na moto ukishuka, mawe ya katikati yanabaki mabichi, kazi ya wiki mbili imekwenda na maji. Basi hawakuja. Walikunywa alfajiri, wakanywa magharibi, na katikati walikuwa na donge.

Donge lilikuwa kazi ya mavyaa. Alichukua ukwaju uliotolewa kokwa, majani ya mlonge yaliyokaushwa kivulini na kusagwa, na choya, yale maua mekundu machachu, yaliyoanikwa na kutwangwa. Akatia chumvi kidogo, akakanda, akafinyanga madonge ya ukubwa wa ndimu changa. Kila mwanamume alipewa manne ndani ya kitambaa. Analiweka moja shavuni, linayeyuka polepole, mate yanajaa, kiu inasahaulika. Mavyaa alikuwa akisema joto haliui kwa nje, huua kwa ndani. Linaingia, linapika maini, linapika figo, na ukali wa choya na uchungu wa mlonge ndio unaosimama mlangoni kulizuia. Nilimsikiliza kwa adabu na kumcheka moyoni. Sikujua kwamba miaka itapita na maneno hayo hayo nitayasikia kwa msomi.

Walikuwa na alama mbili za kujua kwamba donge limefanya kazi. Ya kwanza, jasho kukauka. Binamu zake wangali wanatota, mume wangu ikifika adhuhuri ngozi yake imekauka kabisa, naye akijisifu: "Mimi donge limenikubali." Ya pili, mkojo kuwa mwekundu. Hiyo walisema ni choya inapita, imeosha figo na sasa inatoka na uchafu wake. Siku za kuchoma walikuwa wakitaniana kwa hilo, ya nani imekolea zaidi. Marehemu baba mkwe, nilisikia, hakuna aliyempata.

Mwaka wa nne wa ndoa yangu joto la kaskazi lilikuwa kali, na wazee wa msikiti walitaka chokaa nyingi, msikiti upakwe kabla ya Maulidi. Ikaamuliwa matanuu mawili kwa siku mbili mfululizo: lile la zamani, na jingine dogo lililokuwa pembeni. Mwezi huo huo mavyaa aliteleza bafuni, mkono wa kulia ukavimba kwenye kiwiko, hawezi hata kushika kijiko. Akaniita, akanikabidhi kinu na kapu. "Mwanangu, madonge ya safari hii ni yako," akasema. "Choya iko mkekani uani. Uiangalie tu, mbuzi wa jirani hawana adabu."

Mimi nilifurahi mno. Miaka minne naosha vyombo vya watu, leo nimepewa donge. Nikakaa uani saa nzima nailinda choya kama mlinzi wa benki. Halafu jirani akaniita nitiwe hina, yeye keshaikoroga, itakauka. Nikasema dakika tano. Mtu na akili zangu, nimekaa pale mikono yote miwili imefungwa vitambaa, tunasengenya mtaa mzima, na hina haijui dakika tano. Niliporudi mkeka ulikuwa mtupu. Mbuzi watatu walikuwa wamesimama juu yake, mmoja mdomo mwekundu, ananitazama.

Choya nyingine haikuwapo. Msimu ulikuwa umekwisha, na ile ndiyo iliyobaki nyumba nzima. Nilichotakiwa kufanya ni kwenda chumbani kwa mavyaa na kusema, mama, choya imeliwa na mbuzi, mimi nilikwenda kutiwa hina. Maneno machache tu. Lakini angenyamaza, na mimi kimya chake nilikuwa nakijua. Angesema si kitu, angetazama viganja vyangu vyekundu, na baada ya hapo nisingekabidhiwa donge tena maisha yangu. Nikafinyanga bila choya. Nilizidisha ukwaju, nikakamulia ndimu kuongeza ukali, na kwa kuwa ukwaju wenyewe ni mweusi, kwa macho hakuna ambaye angejua.

Nikampelekea mavyaa moja aonje. Aliliweka ulimini, akafumba macho, akalimung'unya muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akasema, "Mashallah. Mkono wako umekubali." Usiku huo nililala usingizi mtamu sana.

Siku ya kwanza ya moto mume wangu alirudi baada ya alasiri, ameegemea bega la binamu yake. Alisema misuli ya miguu inakaza, kichwa kinagonga. Ngozi ilikuwa kavu na ya moto, mkono wangu ulishtuka nilipomgusa. Alikunywa birika zima, akatapika nusu. Kwenda chooni hakuweza, miguu haikutii, akaomba kopo. Nikampa, nikalitoa nje kwenda kumwaga.

Jua lilikuwa halijatua, uani kweupe. Nikatazama ndani ya kopo. Ilikuwa rangi ya chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, nyekundu inayoelekea weusi. Kutoka chumbani akaniita kwa sauti ya uchovu lakini ya utani. "Umeiona? Choya ya mwezi huu imekolea."

Mavyaa alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mkono wake umefungwa kitambaa. Alilitazama kopo, akanitazama mimi.

"Imekolea," nikajibu.

Nisijisingizie ujinga hapa. Mimi nilijua. Katika nyumba ile mimi ndiye niliyejua kwamba ndani ya madonge yale hamna choya hata chembe, kwa hiyo kile kilichokuwa ndani ya kopo, kiwe nini kiwe, si choya. Nilijiambia labda ni ya mwezi uliopita, ingali mwilini. Nilijiambia labda ukwaju nao hufanya hivyo ukizidi. Lakini chini ya hayo yote nilijua. Ili niseme, ningelazimika kuanzia kwa mbuzi na hina, na niliona haya. Sababu ni hiyo tu, na miaka yote niliyoitafuta sababu bora zaidi sikuipata.

Siku ya pili hakuweza kuamka. Binamu zake walichoma tanuu dogo peke yao. Mavyaa alimkanda miguu kwa mafuta ya nazi kwa mkono wake wa kushoto, akampikia uji mwepesi, hakuunywa. Mkojo ulikuwa kidogo mno, mweusi zaidi. Mara mbili nilimwona mavyaa anafungua kinywa kama anayetaka kusema nami, halafu anafunga. Nilidhani anasoma dua. Jikoni aliniambia neno moja tu, bila kunitazama. "Madonge yaliyobaki usimpe. Mpe maji, mwanangu. Maji tu." Nikasema, "Abee, mama," nikaenda kuteka. Kwa nini mwenye donge lake aseme donge lisitumike, sikujiuliza. Laiti ningejiuliza.

Siku ya tatu asubuhi mkojo haukutoka kabisa. Uso ulikuwa umejaa, macho yameingia ndani, na akawa ananiita mimi mama na mamake anamwita kwa jina langu. Hapo haya ikanitoka, lakini ilinitoka ikiwa imechelewa. Binamu yake alipata pikapu ya mtu wa samaki, tukampakia juu ya godoro, tukavuka feri kwenda hospitali ya ng'ambo. Mavyaa alikaa nyuma na sisi, amemfunika mwanawe jua kwa buibui lake.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpima, akaandika, akaagiza atiwe maji ya mshipa upesi, halafu akanigeukia. "Mkojo ulianza kubadilika rangi lini?"

Mavyaa alikuwa ubavuni mwangu, mabega yetu yanagusana.

"Leo asubuhi," nikasema.

Mavyaa alitazama sakafu. Daktari akaandika. Akatueleza kwa Kiswahili cha taratibu kwamba joto likimzidi mtu na mwilini hamna maji, nyama ya mwili huanza kuyeyuka, na ile nyama iliyoyeyuka huenda kuziba figo, na ndiyo rangi ile. Mtu akiwahiwa siku hiyo hiyo akajazwa maji, mara nyingi figo huoshwa zikapona. Akichelewa siku mbili tatu, hapo ni Mungu. "Lakini kama imeanza leo asubuhi, hamkuchelewa," akasema. "Mmefanya vizuri kumleta." Ilikuwa mara ya pili wiki hiyo nasifiwa kwa kitu ambacho sikukifanya.

Mume wangu alitoka hospitali baada ya mwezi na zaidi. Tanuu hakurudi tena, na binamu zake nao wakaliacha, watu walikuwa wameanza kununua rangi za mikebe. Makumbi yalioza pale pale yalipopangwa. Mume wangu alikuwa akisuka makuti kivulini, anapangiwa chumvi, anapangiwa nyama, anapangiwa hata maji, yeye ambaye angeyanywa siku ile isingekuwa hivi. Tulipata watoto wawili katika hali hiyo, tukacheka pia, sisemi ilikuwa msiba kutwa kucha. Alikuwa mume mzuri, na mgonjwa mwenye kuudhi. Kila mara miguu ilipovimba alisema ni kwa sababu madonge siku hizi hayapo. Nilikuwa nikitoka nje kila akisema hivyo. Alifariki katikati ya miaka ya tisini, miguu kwanza, kisha uso, kama babake.

Sikumwambia. Nilisema nitamwambia akipata nafuu, halafu nikasema nitamwambia akizidiwa, na wakati ule ulipofika hakuwa wa kusikia.

Eda yangu ilikuwa imekwisha kitambo alipokuja kututembelea binti wa wifi yangu wa Kiembeni. Alikuwa anasomea uuguzi, yuko likizoni, msichana mchangamfu, ana daftari anatembea nalo kama mkoba. Tulikuwa uani, mimi nachambua mchicha, mavyaa amekaa kwenye mkeka wake, sasa mzee, macho yameanza kumwacha. Msichana akamsalimu kwa kumbusu mkono, akaketi karibu naye.

"Bibi, nataka unipe lile donge lako la wachoma chokaa. Niandike."

"Donge la nini tena, mjukuu wangu? Tanuu limefukiwa."

Akamweleza. Darasani wamefundishwa kwamba mwili ukichemka kwa joto, ndani yake huzuka vitu vinavyoula kama kutu inavyokula bati, na hukimbilia maini na figo. Na kuna mimea ina vitu vya kuizuia kutu hiyo: ule wekundu wa choya, majani ya mlonge, hata ukwaju. Haitibu, akasema, na bila maji mwilini haimfai mtu kitu, lakini inakinga. "Wewe ulijua kabla ya walimu wetu," akamalizia.

Mavyaa alinyanyua uso. Tangu tumzike mwanawe sikuwa nimemwona na uso ule. "Si nilisema?" akaniambia. "Sikusema mimi kwamba joto huua kwa ndani?"

"Ulisema, mama."

Akaanza kutoa kipimo kimoja kimoja, msichana akiandika. Ukwaju kiasi hiki. Mlonge ukaushwe kivulini, jua linauharibu. Choya viganja viwili. "Na akishamung'unya, utaona mkojo umekuwa mwekundu. Hapo ujue choya imepita, imeosha figo."

Msichana akaacha kuandika, akacheka kidogo kwa upole. "Hapana, bibi. Choya haiutii mkojo rangi hiyo, hata mtu anywe sufuria nzima. Mtu aliyekuwa kwenye joto akikojoa mkojo mwekundu, figo zake zinakufa. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo." Alilisema kama jibu la mtihani. Mjomba wake alipougua alikuwa mtoto, hakuwahi kuambiwa zaidi ya kwamba ni joto.

Mavyaa alikaa kimya. Lakini hakikuwa kile kimya chake nilichokizoea. Midomo ilikuwa inatembea. "Basi babu yako," akaanza, akakatiza. "Miaka yote ile. Na tukimcheka." Mkono wake ulikuwa unapapasa mkeka kama anatafuta kitu kilichoanguka.

Halafu akageukia upande wangu.

"Mwezi ule haikuwamo," akasema.

Nilijua anasema nini, ila nikauliza. "Nini, mama?"

"Choya. Nililionja donge lako. Haikuwamo hata chembe. Nikasema huyu mtoto wa watu, nisimwumbue." Akapumzika. "Kisha nikaliona kopo mkononi mwako. Nikajua hiyo si choya. Nikakungoja useme."

Nilimchukia. Nasema wazi, nilimchukia mzee yule asiyeona vizuri, kwenye mkeka wake, kwa muda wa kuvuta pumzi mbili tatu. Kisha ile chuki ikakosa pa kukaa, kwa sababu kila nilichotaka kumwambia kilikuwa changu. Nilikuwa nimeubeba mzigo ule zaidi ya miaka kumi nikidhani ni wangu peke yangu, kumbe tuliubeba wawili, nyumba moja, kila mmoja akimficha mwenzake.

Binti wa wifi yangu alikuwa anatutazama, kalamu mkononi, hajui kilichopita. Nikamwambia maji ayaandike juu kabisa, kabla ya ukwaju. Akaandika. Mavyaa aliuliza ameandika nini, akasomewa, akaitikia kwa kichwa. Mimi nilirudia mchicha wangu. Mikono ilikuwa inachambua, lakini nilikuwa jikoni kwetu mwaka ule, siku ya kwanza na ya pili, mimi na yeye tumekaa jiko moja, tunapepea moto mmoja, tunasitiriana, na chumba cha pili mwanawe, mume wangu, anaomba maji.